Nobu Iliyopotea: Jinsi ya Kutambua na Kulinganisha Nobu za Ampu Kuukuu na Magitaa ya Besi

Mzee mmoja wa Kibokoni, Mombasa, alinijia na gitaa lake la besi limefungwa kwa leso. Alipolifungua nikaona nobu tatu za kuzungushia sauti na toni: mbili nyeusi za plastiki, na ya tatu ya jiko la gesi, kialama cha mwali bado kimechorwa juu yake, tundu limejazwa tepu ya umeme ili isichezecheze. "Mwanangu," akaniambia, "nimechoka kuulizwa harusini kama napiga besi au napika biriani."

Nikaziangalia zile mbili nyeusi, nikamwambia kazi hii ni ya dakika tano. Alikuwa ameambiwa gitaa ni la Marekani, nami nikaamini. Nikaagiza nobu ya sura ileile, ikaja baada ya wiki tatu, nikaivisha. Ikaning'inia kama pete ya kuazima. Sura ilikuwa yenyewe kabisa, ila tundu lilikuwa kubwa. Gitaa halikuwa la Marekani. Lilikuwa nakala ya Kijapani, na shafti zake, vile vijiti vinavyovishwa nobu, zilinieleza hivyo tangu mwanzo, ila mimi sikuziuliza.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale nilipokosea: kwenye tundu. Sura tutaifikia.

Kuchomoa bila kuvunja

Chomoa waya wa umeme kwanza. Kutoa nobu kwa nje hakuhitaji kufungua ampu, yaani kikuza sauti, na kama ni ya valvu (zile taa za kioo) usiifungue hata kidogo kama hujafundishwa: kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na volti 400 au zaidi hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ampu kuukuu nyingi pia hazina waya wa ardhi, kwa hiyo ile tabia ya kuzungusha shafti ya chuma iliyo tupu kwa vidole huku ampu inawaka, iache. Na kama ampu ni ya soko la Marekani, ilitengenezwa kwa volti 110 hadi 120. Sisi ukutani tuna 240. Bila transfoma utasikia harufu kabla ya kusikia muziki.

Sasa itazame nobu ubavuni. Ukiona kitundu kidogo, ndani yake mna skrubu isiyo na kichwa. Nyingine hufunguliwa kwa bisibisi nyembamba, nyingine kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita. Hapa ndipo wengi huharibu. Nobu nyingi za Kimarekani zinataka alenki ya 1/16 ya inchi, yaani milimita 1.59. Ya milimita 1.5 itaingia, itaonekana kama inashika, kisha itakula kona za skrubu na hutaitoa tena kwa amani. Kwa hewa yetu ya chumvi skrubu hizi hushikana kwa kutu, hasa kwenye vyombo vilivyokaa miaka jukwaani karibu na ufuo. Tia tone moja la mafuta ya kulainisha kutu kwa ncha ya sindano, acha ilale mpaka asubuhi, ndipo ujaribu. Usinyunyize kopo zima. Mafuta yakishuka kwenye shafti yataingia ndani na kuharibu njia ya kaboni inayopandisha na kushusha sauti.

Ikiwa hakuna kitundu, nobu ni ya kusukumiza, na hutoka kwa kuvutwa wima. Watu wengi huchukua bisibisi na kuitumia kama mtaimbo. Niliwahi kufanya hivyo kwenye nobu ya zamani ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kale, ikapasuka vipande vitatu na kuacha kovu kwenye rangi. Siku hizi natumia kamba ya kiatu: izungushe chini ya nobu mara mbili, shika ncha zote mbili, vuta juu taratibu huku ukiyumbisha kidogo kushoto na kulia. Ikikataa, kunja kitambaa chembamba ukipitishe chini yake pande zote, kisha vuta kitambaa.

Shafti ndiyo inayosema ukweli

Kile kifaa kilicho chini ya nobu ni potenshiometa. Mafundi wa redio wa hapa huita volyumu tu, hata kama kazi yake ni toni. Shafti yake huja kwa namna tatu kubwa. Ya kwanza ni ya mviringo laini, ya chuma kitupu, na hiyo hutaka nobu ya skrubu. Ya pili ina meno mafupi kuzunguka na mpasuko katikati, na hutaka nobu ya kusukumiza. Ya tatu imekatwa bapa upande mmoja, ukiitazama kwa juu inafanana na herufi D.

Kwa ya mviringo unachotafuta ni unene. Vyombo vya Marekani, na vingi vya Uingereza vya zamani, vilitumia robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Japani na viwanda vingine vya Asia hutumia zaidi milimita 6 kamili. Tofauti ya milimita 0.35 jicho halioni, lakini kidole huisikia. Kama huna kalipa ya kupimia unene, nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi ununue keekee mbili, moja ya milimita 6 na moja ya robo inchi. Geuza upande usio na makali, uingize kwenye tundu la nobu. Keekee ya robo inchi ikiingia kwa kubana vizuri, tundu ni la inchi. Ikikataa na ile ya 6 ikaingia bila kucheza, tundu ni la milimita. Keekee hizi mbili zimeniokolea pesa nyingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho mezani.

Kwa ya meno lazima uhesabu. Shafti za kiwanda cha CTS na jamaa zake wa Marekani zina meno 24 membamba. Zile za kimetriki kutoka Asia kwa kawaida zina meno 18, mapana zaidi. Kuhesabu meno kwenye chuma kinachong'aa ni kujitafutia maumivu ya kichwa, kwa hiyo mimi hutumia kipande cha sabuni ya mche. Kata uso laini kwa kisu, weka nukta ya kalamu ya wino kwenye jino moja, kisha viringisha shafti juu ya sabuni mzunguko mmoja kamili. Meno yataacha mistari kama ya chanuo, nawe utayahesabu umekaa, na chai mkononi. Kwa potenshiometa ambayo bado imefungwa, leta sabuni kwenye shafti badala ya shafti kwenye sabuni.

Nobu ya meno 24 juu ya shafti ya meno 18 italegea. Kinyume chake ni kibaya zaidi: nobu ya kimetriki ukiilazimisha kwenye shafti ya CTS itaingia, utafurahi, na baada ya siku chache utaona ufa mwembamba ubavuni.

Shafti ya bapa ina mtego wake. Nobu haiwezi kukaa ila kwa upande mmoja tu, kwa hiyo kishale kitaelekea pale mtengenezaji alipopanga. Nobu mbili zinazofanana kabisa, zote za bapa, moja inaweza kuwa na bapa upande wa kishale na nyingine upande wa pili. Ukivisha isiyo yake, sauti ikiwa imefungwa kabisa kishale kitaonyesha juu. Kabla ya kununua muulize muuzaji akupigie picha ya chini, si ya juu tu.

Namba nyuma ya potenshiometa

Kama ni gitaa la besi lisilotumia betri, hakuna hatari kufungua kibao cha nobu na kuchungulia. Nyuma ya potenshiometa za Kimarekani huwa kuna namba iliyogongwa. Tarakimu tatu za kwanza ni kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa mfano 1376623 ni CTS, wiki ya 23 ya mwaka 1966. Ukikuta badala yake herufi na thamani tu kama A500K au B250K kwenye kikopo kidogo, elekea Asia, na utegemee milimita 6.

Usichukulie tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa ya gitaa. Kampuni ya Fender ya Marekani ilinunua shehena kubwa ya potenshiometa mwaka 1966, na magitaa yaliyotoka kiwandani hata mwaka 1969 hukutwa na namba za 1966. Tarehe inakuambia tu kwamba chombo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, labda kama mtu alibadilisha. Risasi ya kuchomelea ikiwa inang'aa huku kila kitu kingine kimechakaa, basi mtu alibadilisha.

Sasa sura

Viwanda vya magitaa na ampu mara nyingi havikujitengenezea nobu. Vilinunua kwa wafinyanzi wa plastiki waliouza pia kwa watengenezaji wa redio na vifaa vya maabara. Nobu fulani za miaka ya 1950 ukizigeuza utasoma Daka-Ware, Chicago. Ndiyo sababu nobu ya ampu yako inaweza kupatikana kwenye redio ya babu ya mtu, na ya gitaa ikapatikana kwenye ampu. Kwa hiyo tafuta familia ya nobu, usitafute jina la chombo.

Familia ya kwanza ina mgongo mwembamba na mdomo mrefu wa kuonyeshea. Wamarekani huiita kichwa cha kuku, na kwa ubavu kweli unamwona kuku. Utaikuta kwenye ampu za Fender zenye kitambaa cha miaka ya 1950, Bassman ikiwemo, na kwenye Vox AC30 ya Uingereza. Kwa kuwa nobu hii haina namba, namba huwa kwenye paneli, na zile Fender za kitambaa paneli zake huhesabu mpaka 12. Nobu yenye namba zake yenyewe ukiiweka juu ya paneli yenye namba, utakuwa na mahesabu mawili yanayogombana.

Kinyume chake ni ampu za Fender za uso mweusi, zilizoanza kama mwaka 1963 na kuendelea, na za uso wa fedha zilizofuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Nobu zake ni nyeusi, zina sketi pana chini, na namba nyeupe 1 mpaka 10 zimechapwa kwenye sketi. Paneli haina namba. Ukikosa moja huwezi kuweka kichwa cha kuku, kwa kuwa mpigaji hatajua yuko wapi.

Kwenye besi za Fender mambo ni rahisi kidogo. Precision, iliyotoka 1951, huvaa nobu za chuma zilizopakwa kromu na kukwaruzwa ubavuni ili kidole kishike. Jazz Bass ilitoka 1960, na zile za mwanzo kabisa zilikuwa na nobu mbili za ghorofa: ya juu sauti, ya chini yake toni, kila moja na skrubu yake na tundu la upana wake. Mwaka 1962 hivi zikaja tatu za plastiki nyeusi. Hapa angalia kwa makini, maana wauzaji wengi hawaangalii: mbili za sauti ni kubwa, na ya toni ni ndogo. Ukinunua tatu za saizi moja umenunua vibaya.

Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, wao walipenda kubadilisha kofia. Kuanzia 1960 juu ya nobu kukawekwa kisahani cha chuma kilichoandikwa Volume au Tone, na kati ya 1966 na 1967 wakahamia ile nyeusi yenye ncha ambayo Wazungu huiita kofia ya mchawi. Mimi naiona kawa ya kufunikia chakula. Zote mbili utazikuta kwenye besi za EB za Gibson kulingana na mwaka wake. Zote ni za kusukumiza, kwa shafti ya meno 24.

Marshall, walioanza London mwaka 1962 kwa ampu iliyofuata Bassman ya Fender, wana nobu nyeusi yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Besi ya Höfner ya umbo la fidla ina zile wanazoziita vikombe vya chai; sisi tungesema kikombe cha kahawa chungu kilichopinduliwa. Na Rickenbacker za mwisho wa miaka ya 1950 zina nobu zinazojulikana duniani kote kwa jina la nobu za jiko, kwa hiyo mzee wa Kibokoni hakuwa mbali na historia, alikosea kiwanda tu.

Plastiki nayo ina habari. Nyeupe ya zamani hugeuka njano, na njano ya kweli haiko sawa kila mahali: mahali vidole vilipopita na palipokaa kivulini hupishana rangi. Ya kuigizwa ni njano moja kutoka juu mpaka chini. Bakelaiti ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto hutoa harufu kali kama ya dawa ya hospitali. Usichome kwa sindano ya moto kama wanavyoshauriana watu. Utaacha tundu kwenye kitu ulichotaka kukiokoa.

Kishale kielekee wapi

Hapa sisi tuna bahati. Potenshiometa ya kawaida huzunguka nyuzi kama 300 hivi. Ukiifunga kabisa, kishale kinatakiwa kiwe pale mshale wa saa unapokuwa tunaposema saa moja. Ukiifungua kabisa kinafika saa kumi na moja. Katikati ni saa sita, juu kabisa. Kwa saa ya Kiswahili hesabu inaenda moja mpaka kumi na moja bila kuruka, jambo ambalo Wazungu walio na saa yao ya saba mpaka tano hawalipati. Funga shafti kwanza mpaka mwisho, ndipo uvishe nobu kishale kikiwa saa moja. Kwa shafti ya meno unaweza kuisogeza jino moja; kwa ya skrubu unaiweka utakapo.

Acha nafasi ya karatasi mbili kati ya nobu na mbao au paneli. Ikigusa itakwangua, na kwa unyevu wa Mombasa mbao huvimba wakati wa mvua za masika, kwa hiyo kilichokuwa sawa Januari kitakwaruza Mei.

Kutafuta hapa mjini

Usianze mtandaoni. Chukua nobu iliyobaki, iweke kwenye mfuko mdogo pamoja na zile keekee mbili, uende kwa mafundi wa redio. Wengi wana kopo la maziwa lililojaa nobu za miaka thelathini ambazo hawajui watazifanyia nini. Omba umwage kopo juu ya gazeti. Kuna pia maganda ya ampu na vinanda vya umeme vilivyokufa. Pwani imekuwa na bendi za hoteli tangu enzi za bendi ya Them Mushrooms, na vyombo vya bendi havitupwi, hulala stoo. Kwenye soko la Kongowea huwa napita kwenye meza za redio kuukuu, ingawa huko utaambiwa kila kitu ni cha Mjerumani.

Usiseme unatafuta ya gitaa. Bei hupanda kwa neno hilo.

Ukiagiza nje, andika mambo manne: aina ya shafti, unene wa tundu au idadi ya meno, upana wa nobu chini, na urefu wake. Sura tuma kwa picha, moja ya juu, moja ya ubavu, moja ya chini, rula ikiwa pembeni.

Isipopatikana sawasawa

Nobu ya robo inchi juu ya shafti ya milimita 6 inaweza kusaidiwa kwa pete nyembamba ya shaba inayovikwa shafti. Pete iwe na mpasuko ili skrubu iibane. Kwa nobu ya kusukumiza iliyolegea, zungusha tepu nyeupe ya fundi bomba mara moja au mbili kwenye meno; usitumie gundi, maana siku ya kubadilisha potenshiometa utalia. Unaweza pia kupanua mpasuko wa shafti kidogo kwa ubapa wa kisu, kidogo sana, kwa sababu chuma hicho hukatika bila kutoa taarifa.

Kwenye ampu yenye nobu nane, ile isiyofanana usiiache mahali pa sauti ya kwanza. Hamisha nobu halisi kutoka sehemu isiyotumika sana, kama kasi ya tremolo (ile ya kutikisa sauti), uilete mbele, kisha mgeni umweke kule. Na ukiamua kubadilisha seti nzima, zile za asili zitie kwenye bahasha uziache ndani ya boksi la chombo. Atakayelinunua baadaye atazihitaji.

Besi ya mzee niliimaliza kwa nobu niliyoikuta kwenye ganda la kinanda cha Kijapani: nyeusi, ya skrubu, tundu la milimita 6, ndefu kuliko wenzake kwa unene wa ukucha. Niliiweka upande wa toni. Alizizungusha zote tatu, akatikisa kichwa kukubali, kisha akanyoosha mkono akitaka na ile ya jiko. Mkewe, akasema, amekuwa akiwasha gesi kwa koleo tangu Mfungo Mosi.